Jumamosi Niliyokuwa Mikumi

Alhamisi, 12 Juni 2025

Fulana za safari zimefika kutoka Morogoro. Arobaini. Nilimwambia yule bwana wa kuchapa aweke tarehe kwa herufi ndogo, pembeni. Kaijaza mgongo mzima! ZIARA YA KWAYA – MIKUMI – 14 JUNI 2025. Ukisimama Kilosa mtu wa Dumila anaisoma. Aneth, mwenzangu wa kwaya, kacheka mpaka kakaa chini. Anasema ndiyo vizuri, tukiliwa na simba watu watajua tuliliwa lini.

Mchana kaka Boni alipita hapa dukani. Nilikuwa chini ya cherehani naikaza nati. Yeye na kucheka ni mbali, leo kacheka. Mzee Mwinshehe kakubali kumuuzia lile shamba la mpunga la Tindiga! Analikodi mwaka wa kumi na moja huu. Malipo baada ya mavuno. Anataka niwe shahidi upande wake, waandikishane Jumamosi. Nikamwambia kaka, Jumamosi nipo Mikumi, unajua tangu Pasaka. Akasema basi, iwe Jumatatu. Nikamtolea kopi ya kitambulisho changu stesheneri, kaondoka anapiga mluzi.

Nimefurahi hadi machozi. Baba alikuja huku kukata mkonge, akafa hana hata tuta la mchicha. Kaka aliacha shule darasa la sita akaingia mkongeni, ili mimi nikajifunze ushonaji kwa masista. Mwaka niliomaliza ndio mwaka mashine ya mkonge ilipomla kidole cha shahada. Leo atakuwa na chake. Mungu ni mwema.

Ijumaa, 13 Juni

Chapati mia na ishirini. Mgongo sina.

Nimempigia kaka kumuuliza Jumatatu saa ngapi. Hapokei.

Jumamosi, 14 Juni

Tumetoka saa kumi na moja alfajiri, baridi ya kutoboa mifupa. Kosta ya watu thelathini tumo arobaini. Watu wa besi wamekaa nyuma wanaimba sauti ya kwanza kwa makusudi, basi ugomvi mpaka kijiji cha Ulaya. Pale getini kila mtu kitambulisho mkononi. Mimi changu nilikuwa nimekisahau ndani ya mashine ya kopi kule stesheneri! Nikatoa namba kwenye simu, yule askari kaniangalia weee, kisha kaniandika kitabuni majina yangu yote matatu. Nikapita.

Tembo kumi na wanne. Twiga sikuhesabu. Simba hakuna, dereva anasema walitusikia tunaimba wakahama. Pale pa kupumzikia nyani kashuka mtini, kabeba mfuko mzima wa chapati zangu, kapanda nao. Nimezikanda usiku kucha, mshenzi yule! Aneth badala ya kusaidia anapiga picha. Picha tele: mimi namtupia nyani kandambili, mgongo wangu umeelekea kamera.

Sijacheka hivi tangu nifiwe na mume.

Mtandao ulirudi tulipofika barabarani. Kaka Boni kapiga mara tisa. Mara tisa! Nikipiga mimi, simu imezimwa.

Jumapili, 15 Juni

Jioni kaka kaja. Nilikuwa nampima mteja, pini mdomoni. Hakutaka kukaa wala chai. Katoa karatasi kwenye bahasha, kasema mzee ana haraka, wameandikishana jana, bado mimi tu. Nikasema si ulisema Jumatatu? Akasema weka sahihi, Sesi, nawahi gari.

Nikaweka. Hapa kwetu shahidi akiwa safarini husaini akirudi, kila mtu anafanya. Nimeshawasainia watu watatu hivyo. Niliona sahihi ya Makarius, shahidi wa muuzaji, rafiki yake kaka. Niliona dole gumba la mzee. Tarehe 14.

Kaka aliikunja karatasi kabla wino haujakauka. Nikadhani ni furaha.

Jumatatu, 16 Juni

Mzee Mwinshehe amefariki leo alfajiri. Nimesikia kwa muuza mkaa. Innalillahi. Mzee wa watu, mpole.

Nimempigia kaka kumpa pole. Anajua. Anasema tutaongea.

Jumatano, 18 Juni

Nimefunga duka mapema.

Mudi, mtoto wa marehemu, kaja na kitambaa cheupe. Mama yake ameingia eda, ametaka nimshonee mimi nguo zake, vipimo ninavyo. Shikamoo mama, marahaba baba, pole. Nikamkalisha. Nikauliza, mzee aliugua lini, maana sikusikia. Akasema alianguka Ijumaa mchana akitoka msikitini. Kiharusi. Tangu hapo hakusema neno hata moja. Hospitali waliwaambia wakae naye nyumbani.

Ijumaa! Nikajifanya natafuta mkasi.

Halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Kwamba yeye ndiye aliyeosha mkono wa kulia wa baba yake. Dole gumba lilikuwa na wino wa zambarau, kasugua kwa sabuni, haukutoka. Wakazika hivyo hivyo. "Mama, baba yangu hakuwahi kuweka dole popote. Alikuwa anaandika jina lake. Wewe unajua."

Najua. Daftari langu la oda lina sahihi yake kila Idi, anapochukua kanzu. Alikuwa akiomba kalamu yenye wino mzuri, anaandika taratibu, Mwinshehe yote, kisha anaitazama.

Nilimwambia Mudi nguo zitakuwa tayari Jumamosi. Mimi hata neno la karatasi sikulisema. Mjinga mimi! Mjinga na pini zangu mdomoni!

Jumamosi, 21 Juni

Nguo za Mama Mudi nimezimaliza. Nimefumua kola mara mbili. Nimempa mwenye pikipiki apeleke, sikuthubutu kwenda mwenyewe.

Kaka hapokei simu.

Jumanne, 24 Juni

Kaka kaonekana. Si kwangu – kwenye shamba. Amepeleka watu wavune, na safari hii hakuacha fungu la mwenye shamba. Mudi alipomuuliza, katoa karatasi. Aneth kanihadithia mwanzo mwisho. Mwishoni kaniuliza: eti na wewe jina lako limo?

Nikasema watu wana maneno.

Ijumaa, 27 Juni

Barua ya wito. Baraza la kata, Tindiga, Jumatano tarehe 2 Julai, saa tatu asubuhi. "Unatakiwa kufika bila kukosa." Imegongwa muhuri. Wino wa zambarau. Nimeigeuza kifudifudi mezani na bado naiona.

Baraza linasuluhisha tu, wakishindwana wanakwenda wilayani. Lakini kinachosemwa pale kinaandikwa. Aliyeleta barua kanielezea bila kuulizwa: Makarius keshasema atakuja kuthibitisha kwamba mzee alitamka mwenyewe. Upande wa pili ni mtoto na mjane, nao wataambiwa wanatetea mali yao. Kwa hiyo, mama, wanakusubiri wewe.

Nikimaliza kusoma hii barua mara ya kumi nitalala.

Jumapili, 29 Juni

Sikwenda kuimba. Nimesema koo.

Kaka Boni kaja baada ya misa, kapitia mlango wa nyuma. Kakonda. Nikamwamkia, shikamoo kaka, sauti ikatoka ya kitoto. Nikafunga duka.

Kasema yote. Alhamisi mzee alikubali, kwa mdomo wake, wamekaa kwenye tuta wawili tu. Ijumaa kaanguka. Jumamosi Mama Mudi alipokwenda kisimani, kaka na Makarius wakaingia kumjulia hali. Karatasi ilikuwa mfukoni, na kidau cha wino. Ndipo alipokuwa akinipigia, mara zote zile tisa. Alitaka nimwambie afanye au asifanye.

Na mimi nilikuwa namtupia nyani kandambili.

Nikamuuliza: alikupa mkono mwenyewe? Akasema, "Nilimshika. Hakuuvuta." Nikamuuliza tena: alitikisa kichwa, alifanya chochote? Akaokota uzi sakafuni. "Alikuwa ananitazama tu, Sesi."

Akalia. Sijawahi kumwona kaka analia, hata siku ya kidole. Anasema miaka kumi na moja, mitaro yote ya lile shamba kachimba yeye, na sisi watu wa kambi za mkonge tutabaki wapangaji mpaka kaburini? Kisha akafuta uso akaniambia cha kusema. Kwamba safari iliahirishwa. Kwamba Jumamosi nilikuwa Tindiga, nilisikia mzee akisema ndiyo. Neno moja. Na nifute picha kwenye kundi la kwaya, si mimi ndiye kiongozi wa kundi?

Nilimpa chakula, akala chote. Nilimkasirikia na nikamwongezea mboga.

Jumatatu, 30 Juni

Nimefuta picha tatu. Ya nne ni ile ya nyani.

Nikaona upuuzi wenyewe. Fulana arobaini zinatembea Kilosa nzima! Aneth anauza nyanya kaivaa yake. Katekista anaendesha baiskeli kaivaa yake. Getini kule jina langu limeandikwa kwa mkono wa askari. Njia ya mwongo ni fupi, hii yetu hata kijiji cha Zombo haifiki.

Lakini, nani wa baraza atauliza habari za Mikumi? Hakuna. Mudi hajui. Wazee wale watauliza tu, ulikuwepo? Nikisema ndiyo, imekwisha. Hilo ndilo linaloniogopesha. Kwamba linawezekana.

Nikisema hapana, kaka anapelekwa polisi. Nimemwona akila mkongeni ugali kwa chumvi, nyama akinifungia mimi kwenye jani. Nimfunge mtu huyo?

Jumanne, 1 Julai

Mudi kapita. Hakuingia, kasimama mlangoni. Shikamoo kaitoa kama kawaida, hata leo. Mama yake kanitumia salamu: nguo zimemkaa vizuri. Yeye hatoki, mpaka miezi minne na siku kumi iishe, kwa hiyo barazani hatakuwepo. Mama kasema, "Mwambie Sesilia aseme alichokiona. Sina neno jingine."

Afadhali angenitukana.

Sijaona kitu, Mama Mudi. Mimi sikuwepo. Labda kweli walikubaliana kwenye tuta. Labda mzee alikuwa anamtazama amwambie chukua, labda amwambie niache. Sikuwepo! Nimesainia macho ambayo sikuyaona.

Usingizi hauji. Nimepiga pasi nguo ya kesho, nikaiacha, nikapiga pasi nyingine.

Jumatano, 2 Julai

Tindiga, nje ya ofisi ya kata. Saa nne kasoro. Naandika kwenye daftari la oda, nimelibeba pochini, lile lenye sahihi za mzee. Sijui kwa nini nimelibeba. Najua.

Nilikuja na pikipiki ya saa kumi na mbili, ukungu mzito, sweta nimelifunga mpaka shingoni. Kaka alikuwa keshafika. Kaninunulia chai na mihogo, kaniletea hapa benchi, kikombe kakifunika na sahani kisipoe. "Umekula, mdogo wangu?" Miaka arobaini ananiuliza hilo hilo.

Tumekaa wote. Kashona kifungo cha shati mwenyewe, uzi mweusi kwenye shati jeupe. Angeniletea.

Mudi yuko ng'ambo chini ya ukuta. Hatutazami.

Makarius yumo ndani. Dirisha halina kioo, tunasikia kila kitu. Anasema mzee alikuwa mzima kichwani. Anasema mzee alicheka. Anasema "tulikuwepo mimi, na huyu dada Sesilia alikuwa amekaa upande wa mlangoni, kwenye kigoda." Kigoda! Kanitafutia na pa kukaa. Sijawahi kuingia chumba kile.

Kaka kanigusa goti. Kwa ule mkono wa vidole vinne. Kasema polepole, baada ya leo tutapumzika, Sesi.

Nampenda kaka yangu. Niliandike, lisomeke. Nampenda kuliko mtu yeyote aliyebaki.

Jua limeshatoka, ukungu umekwisha. Watu wote wamevua masweta, wamejifunga viunoni. Mimi tu. Jasho linanitiririka mgongoni, chini ya herufi zile za fulana ya safari. Kaka kaniuliza unaumwa? Vua sweta, utazimia.

Makarius ametoka. Hanitazami usoni.

Karani ameita jina langu. Mara ya kwanza. Anaita mara tatu.

Kaka amenishikia pochi. Nimemwambia sitaki, daftari naingia nalo. Amesimama nyuma yangu anipishe nipite.

Mara ya pili.

Navua sweta.