Ulichokiona Kabla ya Kuanguka

Mpendwa dada Filomena,

Mwaka ule wa tisini na tatu mpunga wetu kule Kiberege ulikubali sana, nasi wawili tukaachiwa kazi ya kuamia ndege. Kifafa ulikuwa nacho tangu utotoni. Nilishazoea kukulaza ubavu, kukulegezea khanga na kusubiri. Lakini siku hiyo ulinishika mkono kabla hujaanguka.

"Inakuja, mdogo wangu. Ila ngoja, kila kitu kinang'aa. Najua... yaani najua yote!"

Ulikuwa unatabasamu. Kisha ukaanguka.

Ulipozinduka ulilia, kwa sababu ulichokijua kilikuwa kimeshapotea. Ulibakiwa na jambo moja tu: "Sikumwogopa mtu yeyote. Hata baba."

Jioni ulimsimulia mama akiwa anapepeta mchele. Hakukuacha umalize. "Nyamaza, Filo! Watu wakisikia watasema una mashetani." Ulinyamaza kweli.

Baadaye zahanati ikakuanzishia vidonge, na kuanguka kukakoma. Tulifurahi jamani! Ukaingia kwaya. Baba, aliyezoea kukuita "huyu mgonjwa", akaanza kukuita kwa jina lako. Mchumba akaja kutoka Malinyi, kijana mpole, akapiga magoti na kuwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja.

Wewe tu ndiye hukuchangamka. "Nimepona," uliniambia tukisuka mkeka, "lakini ndani kumekuwa kimya mno." Nilicheka, nikidhani unaogopa ndoa.

Wiki moja kabla ya harusi ulikwenda kuchota maji peke yako asubuhi. Walikukuta mtoni umelala kifudifudi, mahali ambapo maji hayafiki hata magotini. Mama alipofungua pindo la khanga yako alikuta vidonge vya siku kadhaa, hujavigusa.

Nimekuwazia miaka yote hii, dada. Ulitaka kukiona tena mara moja tu kabla hujaolewa, au siyo? Kama ungeweza kusema hivyo nyumbani, tungekaa nawe chini, mbali na maji na moto, hata siku nzima. Tulikuwa tunajua kukuuliza umeanguka wapi na umeumia wapi. Ulikotoka, hakuna aliyeuliza.

Jana tu, mama akiwa amekaa barazani, macho yake sasa hayaoni vizuri, akasema ghafla, "Hivi Filo alikuwa anaona nini?"

Nikamweleza kidogo nilichokuwa nacho: ule mng'ao, kule kujua, kutomwogopa mtu. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajifuta uso kwa kiganja.

"Mbona mimi hakuniambia?"

Amesahau, dada. Sikuwa na moyo wa kumkumbusha. Nilimwambia tu kwamba ulitamani sana kumwambia.

Lala salama, Filo wangu. Yaliyobaki ningependa kuyasikia kutoka kwako.

Mdogo wako uliyemshika mkono.