Supachaja ya Mkunga

Tarehe 4 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hujambo na hali yako? Mkaza mjomba naye hajambo? Sisi huku wazima, ila macho ya Baba yamepungua sana. Siku hizi anakaa kwenye kiti pale mlangoni pa gereji, anasikiliza tu, na gari likiingia ananiambia lina ugonjwa gani kabla sijafungua boneti.

Anwani yako nimeipata kwa mshonaji wa hapa jirani. Alisema cherehani yake imetengenezwa huko na mzee mmoja anayepiga mluzi akifanya kazi, tena mluzi wa wimbo mmoja tu asioumaliza. Nikajua ni wewe.

Mjomba, gari la Mkunga limerudi. Lilelile. Likiwa limewashwa limesimama linagongagonga kama kokoto kwenye kopo, ukikanyaga linalia kama filimbi, na nguvu limepoteza. Mlima wa hospitali linaupanda linahema, wakati Mkunga anaitwa kwa wazazi saa yoyote. Baba amesikiliza, akasema, "Ni supachaja, haisukumi tena hewa kwenye injini." Jina lako halikutajwa.

Sitaki kuifungua kwa kubahatisha. Aliyenifundisha kazi hii ni wewe, na sina mwingine wa kumuuliza. Niandikie, tafadhali. Najua sina haki ya kukuomba.

Mpwa wako

*

Tarehe 15 Machi

Bisibisi,

Marahaba. Sisi wazima. Mkaza mjomba wako anasumbuliwa na goti, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote, asante Mungu.

Miaka sita bila hata salamu, halafu inakuja barua inanuka grisi. Niliifungua nikidhani kuna msiba.

Magari niliyaacha, pengine mshonaji alikwambia. Natengeneza cherehani. Cherehani ukikosea inakata uzi, haimwachi mtu katikati ya mlima. Sikuacha kwa sababu ya baba yako, usije ukadhani hivyo. Alinifukuza gereji yake tu, si kazi yote. Mimi mwenyewe ndiye niliyejifukuza. Unakumbuka nilivyobisha, nikasema supachaja ile nimeitia mafuta kwa mikono yangu, nayaona yakishuka? Lakini supachaja imeshasagika, vyuma vyake vimeiharibu injini, kizibo kimefunguliwa mbele ya Mkunga, na ndani pakavu. Mtu atabishanaje na pakavu? Mwishowe nikakubali kwamba ninachokikumbuka ni cha siku nyingine. Fundi ambaye hajui mikono yake imefanya nini, ataaminiwa na nani? Hadi leo nikitia mafuta kwenye cherehani namwita mkaza mjomba wako aje atazame. Ananicheka, lakini anakuja.

Haya, sikiliza. Usimhukumu mgonjwa kwa kilio chake. Vua mkanda, washa injini dakika moja, usizidishe maana pampu ya maji nayo itakuwa imesimama. Kelele ikipotea, mbaya ni mmojawapo wa wanaozungushwa na mkanda. Zungusha kila puli kwa mkono, moja moja. Ile ya kukazia mkanda hupenda kulia halafu supachaja inasingiziwa. Puli ya supachaja ishike uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Kagua na mipira ya hewa, paka maji ya sabuni, povu likitoka ujue nguvu inavujia hapo. Mwisho fungua kizibo kidogo cha mbele, utazame mafuta yake. Yakiwa meusi yenye kumetameta, hicho ni chuma kinajila.

Ukibadilisha, ziba matundu ya injini kwa kitambaa safi isidondokee bolti. Na mafuta yale ni yake peke yake, usimtilie ya injini.

Msalimie baba yako, ukiona inafaa.

Mjomba wako

*

Tarehe 29 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Goti la mkaza mjomba linaendeleaje?

Nimefanya kama ulivyosema. Nilipovua mkanda kelele ilikatika papo hapo. Puli ya kukazia ni nzima. Mipira haivuji. Puli ya supachaja niliposhika ilicheza kama jino la mtoto. Mafuta yamekuwa uji mweusi, nilipoyamimina kwenye kifuniko yakameta juani. Beringi zimekufa, na vyuma vya ndani vimeanza kukwaruzana. Haifai kutengenezwa. Mkunga amekubali tulete nyingine, na tumeshaagiza.

Ningeweza kukuaga hapa. Barua yako imekaa kwenye mfuko wa ovaroli siku tisa, naitoa naisoma, nairudisha. Nikifika pale kwa mkaza mjomba kuitwa atazame, siendelei.

Ulitia mafuta, Mjomba.

Uliyatia chupa nzima, ukaacha kizibo umekikaza kwa vidole tu, ukaenda kunawa upate kula. Mimi nilitaka nafasi mezani niweke betri. Nikaibeba supachaja, ikanielemea upande wa mbele, kizibo kikatoka, mafuta yote yakamwagika. Chupa ya mwisho, ile tuliyoisubiri wiki tatu, na Baba siku hiyo aliamka vibaya, ameshamfokea kila mtu. Nikapangusa kwa tambara, nikakaza kizibo, nikajiambia nitakueleza ukirudi. Mteja akaniita nje. Niliporudi ulikuwa umeshaifunga kwenye injini, unapiga mluzi. Nikasema basi, kesho. Kesho yake asubuhi Mkunga akaja kuchukua gari lake.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, Mjomba. Sikuwa mtoto.

Tambara na chupa nilivichoma kwenye shimo la takataka. Siku Baba alipofungua kizibo, wewe ulikimbilia pipa, ukalipindua, ukapiga magoti unapekua, unaitafuta ile chupa tupu umwonyeshe. Mimi nimesimama na ufagio. Ukaniinulia uso ukaniuliza, "Bisibisi, si uliniona nikitia?"

Nikakujibu, "Sikuona, Mjomba."

Nilikuwa nimekuona.

Siombi kitu. Nimekwambia tu, na nimechelewa.

Mpwa wako

*

Tarehe 11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wiki sita zimepita na hujanijibu. Sikulaumu. Naandika kukujulisha yaliyotokea huku, maana yanakuhusu kuliko yanavyonihusu mimi.

Nimemwambia Baba. Alikuwa anakunywa chai. Nilimweleza yote, hadi ya tambara. Hakufoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kufokewa, nikakosa pa kuweka uso. Aliuliza jambo moja tu: "Alipokuwa anapekua pipa, wewe ulikuwepo?" Nikasema nilikuwepo. Akasukuma kikombe mbali. "Nimemfukuza kaka wa mke wangu," akasema, "na marehemu sijui nitamwambia nini." Siku nne hakukaa mlangoni. Magari yaliingia yakatoka bila yeye kuyasikiliza.

Supachaja mpya ilifika. Niliifunga mwenyewe, gasketi mpya, bolti nikazikaza kidogo kidogo kuanzia katikati. Mafuta nilitia mbele ya Mkunga, nikampa kizibo akishike mkononi mpaka nilipomaliza. Niliizungusha kwa mkono kabla ya kuvalisha mkanda. Ilikwenda laini, haina mkwaruzo. Nikawasha, gereji nzima ikasikia tofauti.

Hapo ndipo nikamwambia. Mkunga akazima injini, mkono juu ya usukani. Kisha akasema, "Binti, unajua mimi nimemsema yule mzee kwa watu wangapi? Kila aliyeniuliza habari za injini yangu. Kila duka. Nimesema ni mzembe, nikasema anakunywa kazini, na hilo nililiongeza mwenyewe. Ingia ndani."

Alinipakia, Mjomba. Tukaanza kwa kinyozi. Anasimamisha gari, ananiambia, "Shuka useme." Kwa kinyozi, kwa muuza mbao, kwa mama wa vipuri, kwa yule fundi wa matairi ambaye hakupenda kukuazima jeki. Pale pa kwanza niliongea chinichini, Mkunga akapiga honi. "Hawajasikia!" Kila nilipomaliza mimi, yeye naye alishuka akasema la kwake, kwamba ulevi alikuzulia. Mama wa vipuri alilia. Fundi wa matairi alinitazama tu, akatema mate pembeni, akarudi kwenye gurudumu lake. Maduka kumi na moja. Mlima wa hospitali tuliupanda mwisho, gari linavuta kama jipya, na mimi sikuweza hata kulifurahia.

Baba ameniomba anwani yako. Nimempa. Nilitaka kumpeleka, maana haoni vizuri, akasema hapana, na aliposema hakunitazama.

Mpwa wako

*

Tarehe 2 Juni

Kwako mpwa wangu,

Salamu zako zote nimezipata, na afya ninayo.

Barua yako ya Machi niliisoma nimesimama, kisha nikatoka nikatembea mpaka viatu vikanikata. Nilifurahi kwanza, ujue hivyo. Nilirudi nikamwambia mkaza mjomba wako, "Nilitia! Si nilikwambia nilitia?" Naye akaniambia, "Mimi sikuwahi kubisha. Uliyekuwa unabisha ni wewe." Furaha ile ilidumu kama nusu saa. Baada yake ikaja hasira ambayo sijawahi kuwa nayo maishani, hata kwa baba yako. Yeye aliona pakavu akasema pakavu. Wewe ulijua. Mtoto niliyemshika mkono kumwonyesha spana inavyoshikwa, niliyekaa naye siku mama yake anazikwa, ananitazama na ufagio wake mkononi, nimepiga magoti kwenye takataka.

Nilianza majibu mara saba. Mkaza mjomba wako aliyasoma akayachana, akasema haya si ya kumtumia mtu.

Baba yako alifika. Alishuka kwenye basi peke yake, akaulizia mtaa kwa mtaa mpaka kibandani. Nilikuwa na cherehani imefunguka, nikamwacha akae nimalize. Nilimaliza taratibu kuliko ilivyohitajika, nakiri. Kisha akasema, "Shemeji, nilikuonea. Ungekuwa mtu baki ningekusikiliza. Kwa kuwa wewe ni wa nyumbani, nikaona lazima niwe mkali watu wasiseme." Alikuwa amepanga maneno mengine, nikamwona ameyasahau. Nikamwambia aingie ndani, kuna jua. Alikaa siku mbili. Hatukuzungumza mengi. Tulimzungumza mama yako, ndiye tuliyeweza kumzungumza bila kuumizana. Ameniomba nirudi gereji. Nimekataa. Sikukataa kwa ubaya, nina wateja wangu hapa na goti la mke wangu halitaki safari.

Mkunga naye ameniandikia, ukurasa mzima. Nitamjibu.

Sasa wewe. Mkaza mjomba wako anataka niandike kwamba nimekusamehe. Nikiandika hivyo leo nitakuwa nakudanganya. Kusema kwa watu wale kumi na mmoja lilikuwa jambo gumu, nimelipima na nimelikubali. Kazi ya supachaja umeifanya vizuri, hilo nalo nasema kama fundi. Lakini miaka sita nilikuwa naitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine, na hakuna duka utakalokwenda kunirudishia hiyo.

Juzi jirani hapa ng'ambo gari lake lilikataa kuwaka. Tangu tuhamie huku nimekuwa nikimwambia mimi ni wa cherehani tu. Nilivuka barabara. Nikamwambia afungue boneti. Ilikuwa waya wa betri tu, kitu cha dakika mbili, lakini nilikaa pale na kichwa ndani ya injini mpaka jirani akaniuliza kama kuna tatizo jingine.

Barua hii usiijibu. Siku nitakapoweza kuiona hati yako kwenye bahasha bila kutoka nje kwenda kutembea, nitaanza mimi kukuandikia. Sijui ni lini, na usinihimize.

Baba yako mnunulie miwani. Anajifanya haihitaji.

Mjomba wako