Nimemchorea Mama Mkwe Anwani Isiyosajilika

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana mimi ni mchora mabango, na mama mkwe wangu, mshona mapazia ambaye mtaa mzima unamwita Mama Saba kwa ajili ya watoto wake saba, alinipa kazi yake ya kwanza tangu nimuoe binti yake, akasema, "Baba, niandikie anwani ya tovuti yetu ukutani, iwe na jina langu na majina ya wanangu wote, nisije nikabagua mtu," nami kwa kupenda sifa nikapanda ngazi siku ile ile nikaichora kwa rangi ya mafuta, kuanzia mlangoni hadi kwenye bomba la maji, kistari kati ya jina na jina, majirani wakapiga picha, mama mkwe akanishika mkono mbele yao akaniita mwanangu, na hapo ndipo nikaenda kuisajili. Dada anayesajili akahesabu kwa ncha ya kalamu, akasema, "Kaka, hii haipiti. Mwisho ni herufi sitini na tatu, na vistari vinahesabiwa. Wewe una sabini na moja. Ni kanuni ya dunia nzima, hata ukilia." Nikarudi nikamwambia mama mkwe mtandao unasumbua, na hii ni wiki ya tatu unasumbua, naye ameshaalika wateja na wanawe wote waje Jumamosi waifungue pamoja. Sasa nakiri: herufi zimezidi nane, na jina la shemeji yangu wa tatu, yule aliyeuliza siku ya posa "ndiye huyu?", lina herufi saba, ukiongeza kistari chake ni nane kamili. Brashi ninayo. Nimfute?

Mkwe wa Ngazini

Mkwe wa Ngazini, weka brashi chini kwanza ndipo tuongee.

Pole. Kuitwa mwanangu na mama mkwe kunalewesha, hilo nalijua. Lakini wewe fundi mzima unachoraje kwa rangi ya mafuta jina ambalo hujalisajili? Ungeuliza mapema ungeambiwa yote kwa dakika tano: herufi, tarakimu na kistari tu, nafasi kati ya maneno hakuna, kistari kisikae mwanzo wala mwisho, na sitini na tatu basi. Shemeji naye mwache. Ukimfuta, Jumamosi atayahesabu majina mbele ya wageni, na swali lake la siku ya posa litakuwa limepata jibu.

Nenda leo kwa yule dada, uliza kama "mamasaba" iko wazi. Herufi nane tu, na watoto wote saba wamo, hakuna aliyebaguliwa. Ikiwa imechukuliwa, ongeza kistari na neno mapazia. Ikishasajiliwa, mwendee mama mkwe umwambie ukweli, kwamba mtandao haukusumbua, aliyesumbua ni wewe. Atanuna kidogo. Majina yote manane yaandikeni ndani ya ukurasa, huko hakuna anayehesabu.

Ijumaa paka ukuta upya. Na ngazi, mwombe shemeji wa tatu akushikie.