Neno Alilonifundisha Dada Shirin

Alhamisi, Februari 2013. Theluji ya jana imegeuka tope, viatu vimelowa mpaka soksi, na saa tisa hii ya alasiri niko nyumbani Scarborough, huku ughaibuni, wakati zamu yangu inaisha saa moja jioni. Nimerudishwa. Wenyewe wanasema nimepewa nafasi ya kupumzika mpaka Jumatatu.

Nina hasira. Niandike tu hivyo, maana hapa simwogopi mtu.

Kwa asiyenijua, kazi yangu ni mambo ya pumzi. Mgonjwa akiwekewa mrija kooni, mashine ikawa inampumulia, mimi ndiye wa mashine. Watu wa nyumbani wananiita nesi, nimechoka kuwasahihisha. Zamani tulikuwa tunamngoja daktari apite ndipo tuguse kitufe. Siku hizi idara yetu inaruhusiwa kufanya jaribio la asubuhi wenyewe. Tunapunguza msaada wa mashine, tunamwacha mgonjwa avute pumzi zake kwa nusu saa, tunamhesabia, tunaangalia jasho, tunaangalia mabega. Akiweza, tunamwambia daktari mrija utoke. Akichoka, tunamrudisha kwenye mashine, kesho tunajaribu tena. Ruhusa hiyo niliipigania kuliko nilivyoipigania ndoa yangu.

Na bega kwa bega nilikuwa na Dada Shirin.

Dada huyu ni Mwismailia wa Mwanza, mkuu wetu wa zamu, na Kiswahili chake kimenyooka pengine kunishinda mimi wa Tanga. Alinipokea nikiwa sijui hata kufunga zipu ya koti la baridi. Wanangu wanamwita mama mkubwa. Nilipokuwa namwita dada, sikuwa naigiza.

Mwezi ule wa kwanza wa majaribio nilimwambia mke wa mgonjwa mmoja kwamba mumewe ameshindwa, kwa sababu kwa Kiingereza ndivyo tunavyosema. Yule mama alilia mpaka nikajuta. Dada Shirin akanivuta pembeni.

"Usiseme ameshindwa, Zuhura. Unawavunja watu moyo. Sema tumempumzisha."

Nikaliona neno zuri, na la kweli pia, maana mapafu yamechoka na mashine inayapumzisha. Akachukua kadi, akaandika kwa kalamu yake ya kijani maneno ya kuwaambia wagonjwa wetu wa Kiswahili na ndugu zao: kohoa, fungua macho, usivute mrija, tumempumzisha. Tukaibandika ndani ya mlango wa kabati la mirija.

Sasa Jumatatu ya wiki hii. Mzee Salehe, mtu wa mtaa wa Agincourt, nilimfanyia jaribio saa mbili asubuhi. Dakika ya kumi na mbili akaanza kupumua kwa mabega, jasho likamtoka. Sikumngoja achoke zaidi, nikamrudisha kwenye mashine, akalala vizuri. Nikatoka kumpa habari mkewe, Bi Mwanaisha, aliyekuwa amekaa ukumbini na binti yao.

Nikamwambia, "Mama, nimempumzisha."

Akanitazama. "Umempumzisha?"

"Ndiyo mama. Alikuwa amechoka sana."

Na nilikuwa natabasamu! Mungu anisamehe. Mtu mzima wa Tanga, nimekulia kwenye misiba, nimesikia mara ngapi watu wakisema marehemu amepumzika, na halikunijia kabisa. Bi Mwanaisha akateleza kitini mpaka chini. Nilipong'amua nilichosema, binti alikuwa ameshapiga simu. Kufumba na kufumbua ukumbi umejaa watu, na mjomba mmoja kutoka mtaa wa Downsview alikuwa ameshaulizia sanda. Mzee mwenyewe ndani amelala fofofo.

Nilimshika Bi Mwanaisha mkono, nikamwingiza chumbani, nikauweka ule mkono juu ya kifua cha mumewe. Nikamwomba radhi, naye akanisamehe. Akaniambia, "Mwanangu, siku nyingine anza na uhai. Hayo mengine yafuate."

Binti hakusamehe, na simlaumu. Yeye Kiswahili anakisikia ila anajibu kwa Kiingereza, na malalamiko yake aliyaandika kwa Kiingereza. Alichoandika ni kwamba mfanyakazi alimwambia mama yake kuwa amemlaza baba yake usingizi wa milele.

Leo ndiyo wakaniita. Tulikuwa watatu tu, meneja, mimi na Dada Shirin. Meneja aliuliza swali moja la maana: neno lile lilitoka wapi?

Nikamngoja dada yangu.

Nilingoja kweli. Nilijua atasema ni letu sote, tumeteleza, tutarekebisha. Yeye akawa anaizungusha pete kidoleni na kuiangalia utadhani kaiona leo. Kisha, kwa Kiingereza chake cha taratibu, akasema kila siku anatuhimiza tumwite mkalimani, na kwamba hajui Zuhura huwa anawaambia nini watu wa kwao.

Watu wa kwao! Yeye je, wa wapi?

Akaendelea, akapendekeza mimi nitolewe kwenye majaribio kwanza, ili mpango mzima usije ukasimamishwa. Mwezi ujao anakwenda kuuelezea kwenye hospitali nyingine, na jina lake ndilo litakalosomwa. Nilielewa pale pale kwamba nimetoswa ili safari yake iendelee. Na nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma kupita yote. Nilimstahi, nikaona aibu kumuumbua mkubwa wangu mbele ya bosi, wakati yeye ameshaniumbua mimi.

Nje, mlangoni, akanigusa bega. "Usilichukulie vibaya, mdogo wangu. Tumekupumzisha tu."

Sijui kama alilisikia neno lililomtoka.

Nilikwenda kuchukua mkoba, nikafungua kabati. Kadi ilikuwepo. Alisahau kuitoa, au hakuwaza kwamba ningeikumbuka. Nikaibandua kwa ukucha, nikaitia mfukoni, nikapanda basi. Njia nzima machozi yalinilenga, nikawa najifanya natazama theluji.

Sasa ipo hapa mezani, karibu na chai iliyopoa. Nafsi moja inaniambia niichane. Nyingine inataka niibandike kwenye lifti wote waione. Lakini kesho asubuhi mwingine atamjaribu Mzee Salehe, akichoka atarudishwa kwenye mashine, na Bi Mwanaisha atakuwa pale pale ukumbini akingoja kuambiwa neno.

Nimempigia msichana mwenzangu wa zamu ya kesho, nikamwambia aanze na uhai, na amwingize mama aone kifua kinavyopanda. Halafu nimechukua kalamu nyeusi, nimelikata lile neno, na chini yake nimeandika: Yu hai. Amechoka, mashine inamsaidia. Njoo umwone.

Jumatatu nampelekea meneja kadi hii, Shirin akiwa amekaa kiti kile kile. Kosa langu nitalitaja kwanza, kwamba nilisema kabla sijaonyesha. Halafu nitaeleza wino mweusi ni wa nani na wa kijani ni wa nani. Pete aiangalie anavyotaka.

Nimesoma tena niliyoandika. Hapo juu nimemwita Shirin, bila dada. Imenitoka yenyewe, na sirekebishi.