Kitabu cha Kuchekesha Katika Nyumba ya Eda

Buyenzi, Bujumbura

Dada Zuhura, Rehema ametoa kitabu. Kitabu kizima, chenye mgongo na jalada, kimepigwa chapa hapa hapa mjini, na jina la mwanangu liko juu, kubwa kuliko jina la kitabu chenyewe. Nimeanza na hili ili barua ikilowa njiani na ukasomeka mstari mmoja tu, uwe huo.

Sasa ndiyo nakusalimu. Amani iwe juu yako na juu ya wote wanaokula chungu kimoja na wewe hapo Ujiji. Goti lako linasemaje? Na Mama, bado anakataa kushika kijiko mpaka aone kila mtu ameshiba? Mwambie mimi nakula, nalala, na sijakonda kama mlivyoambiwa. Mabomu yanapita juu kutoka milimani kwenda kambini na kutoka kambini kwenda milimani. Wiki hii hayakuangukia mtaa wetu, tunamshukuru Mungu.

Barua yako imefika. Umeniandikia nifunge mizigo, eda ikiisha nipande meli na Rehema tuje nyumbani, maana mume sina tena na hapa ni vita. Tena ukaandika kwamba mtoto wa kike kutoa kitabu cha vichekesho wakati baba yake hajamaliza hata miezi sita kaburini ni kujitafutia kuchekwa. Dada, najua kalamu iliyokuchokoza. Ni ya Shemeji Shabani, kaka wa marehemu. Amekusimulia habari za jeneza, sivyo? Basi zisikie na kwangu, kisha uamue mwenyewe.

Kwanza nikueleze kitabu chenyewe, maana Shemeji hakukwambia hilo. Kinaitwa *Jini Asiye na Karangamuntu*. Karangamuntu ndicho kitambulisho tunachodaiwa hapa kila bariyeri ya askari. Jini wa ziwani anatoka majini kwenda kumtisha mtu mtaa wa Jabe, anasimamishwa na askari, anaulizwa jina, anaulizwa baba yake nani, anaulizwa ametoka mtaa gani. Anageuka moshi. Askari anamwambia, "Moshi nao unapanga foleni." Zimo hadithi kumi na moja za namna hiyo. Kuna mtu wa kutoka nyota nyingine aliyetua na chombo chake sokoni Jabe, na kabla hajafungua mlango wameshakipimia bei ya vyuma chakavu. Kuna mpelelezi anayetafuta mbuzi aliyeibwa na kila ushahidi anaoupata anaula. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, unajua, nasoma kwa kidole. Nimekimaliza mara tatu. Mwanao Idi amepata cheo forodhani na nimefurahi sana, lakini jina la Idi liko kwenye mhuri, la Rehema liko kwenye jalada.

Muuza vitabu mmoja wa mjini alimwambia Rehema alete cha Kifaransa, hiki cha Kiswahili hakina wateja. Rehema akamjibu kwamba wanaocheka kwa Kifaransa wana vitabu vyao tayari. Huyo ndiye mtoto niliyemzaa mimi.

Na baba yake alikijua. Hili ndilo Shemeji hataki kulisikia. Sukari ilipomlaza marehemu, Rehema alikuwa akitoka kufundisha anakuja kukaa kando ya kitanda na kumsomea. Baba yake ndiye aliyeipatia hadithi ya mbuzi mwisho wake. Mashine ya mpiga chapa ilikuwa imeharibika, marehemu akainuka kitandani akaenda kuitengeneza, akasema sitaki malipo, nipigie kitabu cha binti yangu. Tulikubaliana siku kikitoka tutakizindua kwenye ua wa garaji yake, watu waje, Rehema asome kwa sauti. Akafa kabla wino haujakauka. Alikufa kitandani kwake, dada. Watu wakija kutoa pole waliniuliza kwanza amekufa na nini, nikijibu sukari wanashusha pumzi kama nimewapa habari njema. Huku tumefika hapo.

Basi nimekaa eda. Nguo nyeupe, sitoki, wanja sipaki, mwanamume asiye maharimu yangu akija anazungumza nami kutoka nyuma ya pazia. Nakala za kitabu zilipoletwa, nilizipokea nikiwa mkekani. Watu wengine wakitoa kitabu wanatembea nacho. Mimi sikuweza kutembea, lakini wanawake wanakuja kunikalia kila siku, na aliyekuja kunipa pole hakutoka hivi hivi. Nilimsomea ukurasa mmoja, nikafunga kitabu. Kesho yake anarudi mwenyewe.

Ijumaa ile walikuwa wanawake kumi hivi. Kati yao alikuwepo Mama Divine, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mkristo, aliyehamia kwetu baada ya mtaa wake kuchomwa. Mume wake alichukuliwa na gari na hajarudi, ni mwaka wa tatu. Mwanamke yule akikaa anakaa kama mtu aliyeazimwa kiti. Rehema akaanza kusoma hadithi ya mumiani anayeogopa damu. Kila usiku mumiani huyo anatoka kwenda kunyonya, akiona tone moja anazirai, anarudishwa nyumbani na wale wale aliokwenda kuwanyonya. Mke wake anamwambia, "Mumiani wenzako wamejenga, wewe kila siku unarudi na upungufu wa damu."

Dada, tulicheka. Hatukucheka vile vya kuziba mdomo kwa mtandio. Tulilia, tukapiga magodoro, mmoja akatambaa mpaka mlangoni kutafuta hewa. Na wewe fikiria, ni nyumba ya mjane, mtaa uko kimya, msikitini ndiyo wanatoa salamu ya alasiri, mara sauti za wanawake zinapanda. Mtaa huu unazijua sauti hizo kwa kazi moja tu. Hakuna aliyeuliza. Wanaume wakatoka msikitini mbio, vijana wanne wakabeba jeneza, mwenye duka akatuma mfuko wa sukari, na Shemeji Shabani mbele yao wote amekunja kanzu, anaingia uani anaita, "Nani? Ni nani tena?"

Tulipoona jeneza tukazidi. Mwisho Mama Divine, machozi yanamtiririka, akanyoosha kidole kwenye kitabu akasema, "Ni mumiani, baba. Alizimia."

Jeneza likarudi msikitini tupu. Najua ni aibu, usiniambie. Lakini niambie wewe, mara ya mwisho jeneza kurudi tupu mtaa huu ilikuwa lini?

Kesho yake asubuhi Shemeji akaja. Akakaa barazani, mimi ndani nyuma ya pazia, Rehema na Mama Divine pembeni yangu.

"Shemeji, mi sikuje kugombana," akasema.

"Karibu, shemeji. Wote wanaogombana huanza hivyo."

"Mutu wa eda hawezi kucheka mpaka mutaa muzima unatoka. Kila siku tunazika hapa. Watu watasema Shabani alizika ndugu yake, na nyumba ikafanya fete, sherehe kabisa."

"Watu wamesema nini? Nitajie mmoja."

"Mi ndiye mutu."

Akaendelea. Kitabu kingoje mwaka. Eda ikiisha mimi nirudi kwetu, na Rehema naye, mpaka vita itulie. Na ua wa garaji hautafunguliwa kwa mambo haya. Ufunguo anao yeye.

Nikamwambia, "Shemeji, kisikilize kwanza. Rehema akusomee hadithi moja, hapo hapo ulipo. Ukifika mwisho hujacheka, kitabu kitangoja mwaka, nami sitasema neno."

Rehema akanikanyaga mguu. Nilikuwa nimeweka rehani kazi yake ya miaka minne kwa mdomo wangu. Nilitamani kuyameza maneno yale, lakini Shemeji alikwisha sema, "Soma."

Akasoma ile ya jini aliyejificha ndani ya lori na fundi anayemtafuta. Mimi sikumwona Shemeji, pazia ni zito. Nilisikia sauti ya Rehema tu, na baraza kimya. Pale ambapo wanawake wote hulala chini, kimya. Pale pa pili, kimya. Mama Divine alikuwa ameuma ncha ya kitenge chake. Rehema akafika pale fundi anapofungua boneti na kumkuta jini amelala ndani ya radieta, na mara sauti ya Shemeji ikatoka upande wa pili wa pazia, kali kama ya mwalimu.

"Apana. Simama hapo."

Rehema akasimama.

"Mule kuna maji ya moto. Jini gani atalala mu radieta? Ataungua. Alale mu filta ya hewa, kule kuna baridi na upepo. Baba yako angekuambia. Tena huyo fundi hawezi kufungua boneti mbele ya kumwambia jini atoke kwa heshima, maana jini akishituka anavunja kurea, ule mukanda wa injini, na kurea hazipatikane."

Mama Divine kitenge kikamtoka mdomoni, akapiga ukelele, na mimi nikafuata. Shemeji nje anauliza, "Munacheka nini? Mi nasema kweli. Ndugu yangu alikuwa anaongea na injini hivi hivi, anaiambia 'tafadhali mama, toka kidogo'. Siku moja mwenye gari akadhani mke wake yuko chini ya gari." Hapo sauti yake ikakatika katikati.

Kisha akakohoa akasema, "Mi sikucheka. Nimesahihisha."

"Lakini hatujafika mwisho," nikasema. "Ahadi ilikuwa ufike mwisho."

"Mwisho mi sitaki kuusikia," akasema, nikasikia viatu vyake vinashuka ngazi. Basi dada, nani ameshinda? Yeye anasema yeye. Mimi nasema aliyekimbia kabla ya mwisho ameshindwa, na Mama Divine ni shahidi. Ufunguo hakutoa. Alimtuma mtu aniambie garaji imefungwa, na yeye hatakuja kusikiliza. Kesho yake mtu huyo huyo akaja tena, anakokota mabenchi mawili ya garaji. Ujumbe: wanawake wasikae mavumbini. Ya radieta Rehema ameshairekebisha kwa kalamu, nakala moja moja, jini amelala kwenye chujio la hewa.

Kwa hiyo tutasomea mlangoni kwangu, barabarani, mbele ya kila mtu. Watandike mikeka, wakae kwenye mabenchi, wapande ukutani. Mimi nitakuwa nimetoka eda, nimeoga, nimejifukiza udi, na nitakaa mbele kabisa ili anayetaka kunisema aone wa kumsema. Mama Divine ameomba asome yeye ile ya mumiani. Aliniambia, "Mama Rehema, mi nilidhani kinywa changu kimeisha kazi hiyo." Simnyimi.

Na kuhusu mizigo: sirudi, dada. Usikasirike. Nakupenda, na ugali wa kwenu naukumbuka, na Mama namuota. Lakini Rehema ana darasa la watoto hamsini wanaomngoja kila asubuhi, mimi nina kaburi la kufagia, na wanaopiga mabomu hawajaniuliza ruhusa ya kubaki, basi na mimi sitawaomba ruhusa ya kucheka. Wakitaka huu mji uwe wa kulia tu, wao wahame. Ukinionea huruma, usinitumie nauli ya kutoka. Panda wewe uje. Meli zinapanda tena tangu vikwazo vya nchi jirani viondolewe, na mfanyabiashara wa dagaa aliyekuletea barua hii anakuja kila wiki, atakuongoza mpaka mlangoni. Ndani ya kifurushi kuna vitabu sita. Kimoja chako. Vilivyobaki usivigawe kama sadaka. Msomee mtu ukurasa mmoja ufunge, utaona.

Nisalimie Mama, umsomee ya mbuzi, za majini uziruke maana ataota. Msalimie mumeo, shemeji yangu mpole, mwambie wa huku kwangu ni wa aina nyingine. Msalimie Idi wa forodhani, aangalie kifurushi kisikae kwake. Msalimie na shangazi mwenye cherehani, aliyesema Rehema akisoma sana hataolewa. Mpe yeye kitabu cha kwanza, umwambie bado hajaolewa na ana vitabu mia tatu.

Wako asiyejua kunyamaza tangu tulipokuwa tunalala jamvi moja,
Tausi, mama yake mwandishi

Rehema ameipitia barua akasema, Mama, kila kitu umeandika isipokuwa siku. Ni Jumamosi ya kwanza baada ya mwezi wa mfungo mosi kuandama, saa nane mchana, ili watu wawe wamefika makwao kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje. Nimeitangaza mtaa mzima na kwa Shemeji pia, akitaka asitake. Wewe na Mama nawangoja Ijumaa yake.