Tela Ulilosema Lirefushwe

Mkunya, Newala
12 Oktoba 2024

Mpendwa kaka, Baba Yasmini,

Shikamoo. Natumaini huko Kahama mnaamka salama, wewe, wifi Rahima na watoto. Sisi huku tunapumua. Mvua bado, maji tunayapangia foleni, na korosho zimeanza kudondoka.

Ujumbe wako umenifika, kwamba tela litengenezwe upesi na Sadallah aendeshe msimu huu. Niliusoma mara mbili nikidhani umekosea jina. Hali ya kaka yake hukuuliza, basi nakupa bila kuulizwa: mguu wa kushoto wa Hamudi haukunjiki tena. Anatembea kwa kushika ukuta, kijana wa miaka ishirini na sita.

Msimu uliopita uliagiza kwa simu tela lirefushwe nyuma, magunia yaingie mengi kwa safari moja. Fundi Cuthbert wa Nanganga alimwambia Hamudi, nami nasikia, kwamba ukirefusha nyuma lazima na ekseli yenye magurudumu isogezwe nyuma, maana mzigo unatakiwa uelemee kidogo mbele, upande wa gari. Ukielemea nyuma, tela linainua matako ya gari, halafu mteremkoni linayumba mpaka usukani haukusikii. Hamudi akakupigia. Ukamjibu kuwa fundi anajitafutia kazi tu, arefushe aondoke.

"Mjomba kashasema," Hamudi akamwambia fundi, na maneno yakaishia hapo. Fundi naye, pamoja na kujua yote hayo, akawasha mashine akachomelea. Kwetu neno la mjomba halirudishwi, hata kama mjomba yuko Kahama na mteremko uko Newala.

Wiki ileile tela lilipinduka kwenye mteremko wa kwenda Masasi, likalivuta na gari, Hamudi akiwa kwenye usukani. Wewe ulipiga simu ukauliza magunia mangapi yamepona. Kaka, swali hilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo ninapoandika.

Sasa nisikilize. Sadallah nimemzaa mimi, na safari hii mjomba hatasema. Tela nimelipeleka kwa Cuthbert, kile kipande chako chote kikakatwa. Limerudi fupi kama ulivyolinunua. Limesimama uani, na halitoki mpaka niseme mimi. Ukikasirika, kasirika; nauli ya kuja kunigombeza unayo.

Nisalimie sana wifi na Yasmini. Dada Zena anakusalimu. Hamudi naye anasema shikamoo mjomba, kwa moyo mweupe kabisa, na huo moyo wake ndio unaoniliza. Mungu akupe afya, na akulete siku moja uone kwa macho yako.

Mdogo wako, anayekupenda hata hivyo,
Mama Hamudi

Nilitaka kusahau: vile vyuma vilivyokatwa sikuvitupa. Cuthbert ametengeneza vishikio, tumevifunga chooni, Hamudi anavishika akitaka kuinuka. Hapo havijayumba hata kidogo.