Neno la Shukrani kwenye Hitma

Jumatatu, 3 Februari

Mtaro wa Mlandege umeziba tena. Nimekwenda, nimetazama, nimeahidi. Maji yaleyale, maneno yaleyale. Nilipochaguliwa umeya mara ya kwanza nilikuwa na nywele. Madiwani wanataka nigombee tena. Zuhura, mke wangu, hataki. Hakugomba. Kasema tu amechoka kuishi na mgeni rasmi.

Jumatano, 5 Februari

Kikao. Arusi. Maziko ya mtu nisiyemjua. Kote nimewekwa mbele.

Jioni nikapita barazani mtaani kwetu. Said na wenzake walikuwa wanacheka. Kicheko kikakatika. "Karibu, Mstahiki," kisha mmoja akaanza habari ya taa za barabarani. Nikanywa kahawa upesi, nikaondoka. Said huyu tumeoga naye mvua tukiwa uchi.

Zuhura anangoja jibu. Nagombea au sigombei.

Ijumaa, 7 Februari

Kaka yangu Masoud amefariki alfajiri, kwake Nungwi. Tumemzika baada ya sala. Inna lillahi. Simu za madiwani zimenifuata mpaka makaburini. Sikutoa chozi. Sijui kwa nini.

Jumapili, 9 Februari

Hitma ya Masoud, kisomo cha kumwombea, kwake Nungwi. Wazee wakanitaka nitoe neno la shukrani kwa niaba ya familia. Nikasimama. Nikaanza: "Ndugu wananchi."

Na sikukoma hapo. Nikawashukuru kwa kujitokeza kwa wingi. Nikagusia mtaro. Hakuna aliyecheka, bora wangecheka. Salma, binti wa marehemu, akainamisha uso. Naona aibu mpaka sasa.

Njiani kurudi mjini tukapita Mahonda. Zuhura akasema, "Hata jina la kaka yako hukulitaja."

Kweli. Sikulitaja.

Jumanne, 11 Februari

Nimewaambia madiwani sigombei. Wamesikitika kwa adabu. Chai haijapoa, wameshaanza kutajana nani anafaa. Imeniuma. Nilidhani watanisihi japo kidogo.

Zuhura kapika pweza wa nazi.

Alhamisi, 13 Februari

Barazani tangu alasiri. Mwanzo wakaniita Mstahiki. Nikaanza kuwahadithia habari za Masoud, alivyonizaba kofi siku niliyoangusha sinia la halua. Said akakataa: kofi lile alizabwa yeye, na sinia aliangusha yeye. Tukabishana weee. Katikati ya ubishi machozi yakanitoka, mbele ya watu wazima wote wale. Hakuna aliyeondoka.

Said akanimiminia kahawa. "Kunywa, Haji, inapoa."

Nikanywa.